Haya Isiyo Mahali Pake: Khabari ya Sunna za Fitra

  

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha liko sanduku dogo la mbao lililowekwa kando ya mlango, na mwenye swali asilopenda kuliuliza kwa ulimi wake huliandika katika karatasi akalitia humo. Mengi tuyapatayo ni yale yale ya kila mwaka: mirathi, talaka tatu kwa mpigo mmoja, faida ya benki, na mwezi wa kufungulia uandame wapi. Lakini usiku mmoja ilitoka karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wake wa kijana wa skuli. Mwenzetu aliyekuwa akisoma aliianza kwa sauti kubwa. Alipofika mstari wa pili sauti ikapungua. Na mstari wa tatu akanyamaza, akaikabidhi kwa aliyekaa ubavuni mwake.

Mwandishi wa karatasi ile asema ana umri wa miaka 17. Alisikia kwa mwenzake kwamba mtu akiziacha nywele za kwapa na za kinena zikapita siku 40, sala yake haikubaliwi. Naye alijaribu kuzinyoa, akatokwa na vipele, kisha vipele vikawa majipu yenye usaha, hata akawa hawezi kuugusa wembe. Siku 40 zikapita. Akajiambia: ikiwa sala haikubaliwi, basi ya nini kuinama na kuinuka bure? Ilipoandikwa karatasi ile miezi mitatu ilikuwa imekwisha pita hajasali hata rakaa moja. Kila ikiadhiniwa hutoka nyumbani, baba yake akadhani yuko msikitini. Na akiwa skuli huwaambia wenziwe amekwisha sali nyumbani. Mwisho wa karatasi aliuliza maneno haya tu: afanyeje?

Na sisi tulifanyaje? Wazee waliuangalia mkeka. Vijana waliokaa nyuma walicheka kwa kuziba midomo. Mmoja wetu akasema kwamba mambo kama haya hayasomwi ndani ya nyumba ya Mungu, na tupite kwenye swali la pili. Tukapita. Swali la pili lilikuwa la mwezi, na juu ya mwezi tuliteta mpaka Isha ikaadhiniwa.

Twayaandika haya kwa kujilaumu, si kwa kujipamba. Mtoto wa Kiislamu ametujia na msiba mkubwa kuliko misiba yote, nao ni kuacha sala, na sisi tumemgeuzia uso kwa sababu ndani ya swali lake mlikuwa na neno la kinena. Juma la pili karatasi ile tuliirudisha, tukaisoma yote, na hii ndiyo khabari ya yaliyosemwa.

Kwanza ilitupasa tuiulize haya yetu ilitoka wapi. Haya ni tawi la imani, hapana shaka. Lakini Salman Mfursi, Mungu amridhie, aliambiwa na mmoja wa washirikina kwa njia ya kejeli kwamba Mtume wenu awafundisha kila kitu hata namna ya kwenda chooni. Salman hakuona haya wala hakukasirika. Alikubali kwamba ndivyo, kisha akayataja waliyofundishwa, moja baada ya moja: wasielekee kibla, wasijisafishe kwa mkono wa kulia, na kadhalika. Na Umm Sulaym alipotaka kuuliza juu ya josho la mwanamke aliyeota, alitanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika lililo la haki, kisha akauliza, na Mtume (s.a.w.) akamjibu. Mwanamke yule aliuliza mbele ya Mtume. Sisi wanaume watu wazima tulishindwa kuisoma karatasi. Haya ya namna hii haikutoka kwa masahaba. Twaogopa imetoka katika kiburi: kila mmoja alichelea kuonekana kuwa naye ana mwili.

Sasa jawabu. Tunaliweka mbele kabisa ili asiye na subira ya kusoma mpaka mwisho asije akapotea njiani: sala ya kijana huyu ni sahihi. Lau angalikaa na nywele hizo siku 40, au 80, au mwaka mzima, sala yake ni sahihi maadamu ametimiza sharti zake. Na sharti za sala zajulikana na kila mtoto wa chuo: kuingia wakati, kutoharika na hadathi, kutoharika mwili na nguo na mahali, kusitiri uchi, na kuelekea kibla. Hapana ndani yake sharti ya nywele. Aliyemwambia kinyume cha haya amezua jambo katika dini, na huenda hata yeye hakujua kwamba amezua, bali alilipokea kwa mwingine kama lilivyopokewa.

Zile siku 40 asili yake ni hadithi ya Anas bin Malik iliyo katika Sahihi ya Muslim, isemayo kwamba masahaba waliwekewa muda katika kupunguza masharubu, kukata kucha, kunyonyoa kwapa na kunyoa kinena, kwamba wasiache zaidi ya siku 40. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameieleza kuwa 40 ni mpaka wa mwisho, si miadi. Kipimo ni urefu wa nywele na haja ya mtu, na watu hawalingani: wako wanaohitaji kila juma, na wengi walipenda iwe kila Ijumaa pamoja na josho lake; na yuko ambaye nywele zake ni chache, zamtosha baada ya juma tatu. Mwenye kuupita mpaka huo bila ya udhuru amefanya lililo makuruhu, tena makuruhu makubwa, kama alivyosema Imam Nawawi. Lakini makuruhu na kubatilika sala ni vitu viwili vilivyo mbali kama Lamu na Vanga. Na mgonjwa ana udhuru wake.

Hapa hatuwezi kujizuia kusema jambo. Watu wetu waipenda sana hisabu ya 40. Maiti wamemwekea arubaini yake, na kwa arubaini hiyo hukopa pesa na kuchinja, na mayatima wakatazama mali yao ikiliwa. Na jambo lenyewe halina dalili katika Kitabu wala katika Sunna. Ama hii arubaini yenye hadithi sahihi, ambayo haitaki mchele wala mbuzi, hatuisikii ikitajwa katika mimbari.

Tena kijana huyu huenda akawa na shaka nyingine ambayo hakuiandika, nayo ni ule usaha katika nguo yake. Twamjibu kabla hajauliza: damu na usaha wa vipele na majipu ya mtu mwenyewe ni katika vilivyosamehewa katika sala, ijapokuwa ni vingi, maadamu hakuvikamua kwa mkono wake, na akivikamua husamehewa kilicho kichache. Basi nguo isimzuie.

Baada ya kumaliza jawabu tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yaanza. Iliposaliwa Isha watu hawakutoka. Mzee mmoja, fundi wa kushona, alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ana umri wa zaidi ya miaka 60, na katika umri wake wote hakuna mtu aliyemfundisha jambo hili, si baba, si mwalimu wa chuo, si mjomba. Alijifunza nini? Alijifunza kwa kusikiliza mzaha wa wakubwa barazani. Mara ya kwanza kutwaa wembe ilikuwa usiku wa kuamkia arusi yake, na wembe wenyewe aliazimwa na rafiki, nao ulikwisha tumika. Juma la arusi, ambalo watu wote hulikumbuka kwa furaha, yeye alilikaa na homa na majipu, naye akaona aibu kumwambia mkewe, na mkewe akadhani hakupendwa.

Basi wengine nao wakafungua vifua vyao. Mvuvi mmoja alisema maji ya chumvi yakimwingia katika mikwaruzo ya wembe huona kama ametiwa pilipili, na kwa hiyo yeye huacha mpaka miezi ya kusi kali ambayo hapana kwenda baharini. Mwalimu wa skuli alisema alitumia dawa ya kupaka iondoayo nywele. Maelezo yaliandikwa iachwe dakika chache, yeye akajisahau, na ngozi ya mahali pale pepesi ikatoka kama ganda la kitunguu. Mwengine mwenye maradhi ya sukari alijikata kidogo tu, kidonda kikakaa miezi. Na wengi, wengi kuliko tulivyotaraji, walisema shida yao ni ile ile ya kijana wetu: vipele.

Kwa kuwa tumeona ujinga ndio uliomtoa mtu katika sala, hatuoni vibaya kuieleza sababu ya vipele hivi katika karatasi hii ya dini. Nywele zetu sisi wengi wa watu wa pwani na wa bara ni za kujisokota. Unywele wa namna hii ukikatwa chini mno, ncha yake hubaki kali kama msumari, na unapoota hujikunja ukarudi kuichoma ngozi, au ukaota ndani kwa ndani usitoke kabisa. Mwili huuona kama mwiba, ukavimba kuutoa. Si uchafu wa mtu, wala si laana, wala si sihiri. Madaktari wasema dawa yake ya kwanza ni kutokata chini sana. Maji ya moto kiasi na sabuni mpaka nywele zilainike, wembe mpya mkali, kwa kuwa wembe butu hukwaruza, kunyoa kufuata upande nywele zilikolala, si kinyume chake, kutovuta ngozi, kutorudia mahali pamoja mara nyingi, na kuosha kwa maji baridi baadaye. Vipele vikishatoka, wembe uwekwe mbali mpaka vipone, na visichokorwe kwa kucha. Mashine ya kunyolea inayobakisha nywele kidogo ni bora kwa mwenye ngozi ya namna hii kuliko wembe.

Wako pia wenye majipu ya kwapani na ya kinena yarudiyo tena na tena, yakaunganika chini ya ngozi na kuacha makovu. Hayo ni maradhi yenye jina lake hospitalini. Hayaambukizi, wala hayatokani na uvivu wa kuoga, na mwenye nayo aende kwa daktari asikae ndani akijihukumu. Na mwenye sukari asitumie wembe hata kidogo ikiwa aweza kupata mashine au mkasi.

Mtu atasema: lakini sunna ni kunyoa kwa wembe na kunyonyoa kwa mkono, mkasi na mashine vimetoka wapi? Twamjibu kwa Imam Shafi mwenyewe, Mungu amrehemu. Mwanafunzi wake wa Misri, Yunus bin Abdul Aala, aliingia kwake siku moja akamkuta yuko na kinyozi anayemnyoa kwapa. Shafi akaona mwanafunzi wake amestaajabu, akamwambia kwamba ajua sunna ni kunyonyoa, lakini hawezi kuyastahamili maumivu yake. Khabari hii ameinakili Nawawi. Tazameni, ndugu zetu! Huyu ndiye Imam ambaye kwa madhehebu yake twasali, twaoa na twarithi. Hakuona aibu kuungama maumivu, wala hakumficha mwanafunzi wake, wala hakuacha tohara kwa sababu njia iliyo bora ilimshinda. Alishika njia nyingine. Wanavyuoni wamesema lengo ni kuondoa, na asili ya sunna hupatikana kwa kunyoa, kwa kukata, kwa kunyonyoa, na kwa nura. Nura ni ile dawa ya zamani ya chokaa iliyochanganywa na zarnikh, iliyokuwa ikitumika katika mahamamu ya nchi za Kiarabu na Kituruki. Na zarnikh yenyewe ni sumu, basi hatumshauri mtu kuitafuta. Dawa za leo za dukani hukumu yake ni hiyo hiyo ya kujuzu, kwa sharti mtu ajaribu kwanza mahali padogo pa mkono, asubiri siku moja, tena asizidishe wakati ulioandikwa. Mwalimu wetu yule ni shahidi.

Lililotutia khofu kuliko yote usiku ule halikusemwa na wazee. Lilisemwa na vijana wa mabwenini. Walituambia kwamba wembe mmoja hununuliwa na watu watatu au wanne, ukapitishwa kitanda kwa kitanda, kwa kuwa pesa ni chache na mtu huona haya kuonekana ananunua wake. Hapa yatupasa tuseme kwa ukali. Damu isiyoonekana kwa jicho hubaki katika makali ya wembe, na ndani yake mwaweza kuwa na virusi vya homa ya ini ya aina ya B, ambavyo huweza kuishi nje ya mwili muda wa siku 7 au zaidi vikiwa na nguvu ya kuambukiza. Mwaweza pia kuwa na homa ya ini ya aina ya C, na Ukimwi. Watoto wachanga wa Kenya huchanjwa homa ya ini ya B tangu mwanzo wa miaka ya 2000, lakini wengi wa watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo ile utotoni. Serikali ya Saudia huwakataza mahujaji kunyolewa na vinyozi wa njiani wasio na idhini kwa khofu ya jambo hili hili, na huamuru wembe utumike kwa kichwa kimoja kisha utupwe. Ikiwa kwa ibada ya Hija wembe hauchangwi, basi bwenini ndiko utakakochangwa? Kumdhuru mtu ni haramu na kujidhuru ni haramu, na sunna haitekelezwi kwa haramu. Kwa kinyozi nako usiketi mpaka aufungue wembe mpya mbele ya macho yako. Na akinuna, simama uende zako.

Ama mwahitaji kujua daraja ya jambo hili kwa Mwenyezi Mungu? Ibn Abbas, katika kueleza yale maneno ambayo Mola alimjaribu kwayo Nabii Ibrahimu akayatimiza, alihesabu mambo ya tohara: matano ya kichwani na matano ya mwilini, na kinena na kwapa yamo. Na Abu Hureira amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kuwa mambo ya fitra ni matano: kutahiri, kunyoa kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyonyoa kwapa. Fitra maana yake ni umbo ambalo Mungu alimuumbia mwanadamu na njia waliyoifuata Mitume. Tutazame kwamba katika matano haya, mawili khasa watu hawayaoni. Masharubu yaonekana, na kucha zaonekana. Ndevu, zilizotajwa katika hadithi ya Aisha ya mambo kumi, zaonekana kuliko vyote, na kwa ajili hiyo twazigombania misikitini mpaka watu wakaamkuana kwa shingo upande. Hatusemi ndevu si jambo. Twajua amri iliyokuja ya kuziacha. Twasema tu kwamba hatujapata kuona watu wawili wakikatiana salamu kwa ajili ya kwapa.

Na yuko mtu ambaye khabari yake twapenda kila baba amsimulie mwanawe. Katika mwaka wa 4 wa Hijra masahaba waliokuwa safarini walihainiwa penye maji ya Rajii. Baadhi waliuawa, na Khubeib bin Adii akatekwa, akauzwa Makka kwa watoto wa Harith ili wamuue kwa kisasi. Wakamfunga nyumbani mwao mpaka miezi mitukufu ipite. Alipojua kwamba siku yake imekaribia, aliomba kwa binti ya Harith aazimwe wembe ajinyoe nywele za mwili. Akampa. Mwanamke akaghafilika na mtoto wake mdogo, mtoto akatambaa mpaka kwa mfungwa. Mama alipogeuka alimkuta mwanawe amekaa juu ya paja la Khubeib, na wembe u mkononi mwake. Akafazaika fazaa kubwa iliyodhihiri usoni. Khubeib akamuuliza kama aogopa atamuua mtoto yule, akamwambia kwamba yeye si mtu wa kufanya hivyo. Baadaye mwanamke yule alikuwa akisema hakupata kuona mateka aliye bora kuliko Khubeib. Kisha wakamtoa nje ya Haram, akaomba asali rakaa mbili, wakamwua. Haya yamo katika Sahihi ya Bukhari.

Mtu huyu amefungwa, ajua atakufa, hana mke wala rafiki wa kumwona, na adui zake hawamtazamii usafi. Nani alikuwa akiangalia kwapa lake na kinena chake? Mola wake peke yake. Alitaka kukutana naye akiwa katika fitra. Na wembe ule ule uliokuwa tohara yake ungaliweza kuwa silaha yake, hakuufanya.

Yako mambo mengine yaliyoulizwa, tutayapitia upesi.

Waliuliza juu ya kunyoa au kukata kucha mtu akiwa na janaba. Wengi huku kwetu waamini ni haramu, na kwamba nywele zile zitakuja Siku ya Kiyama zikimdai mtu kwa janaba yake. Kwa hiyo hungoja, na kungoja kukageuka kuacha. Imam Ghazali ameandika katika Ihya kwamba haifai, na waliochukua kwake wamechukua. Lakini hadithi sahihi ya kulisimamisha jambo hili haikupatikana, na Bukhari amenakili kwa Ataa, mwanachuoni wa Makka katika wanafunzi wa masahaba, kwamba mwenye janaba aweza kukata kucha na kunyoa kichwa. Heshima ya Ghazali ni kubwa kwetu, na dalili ni kubwa zaidi.

Waliuliza juu ya kuzificha nywele zilizonyolewa zisichukuliwe na wachawi. Wako wanavyuoni waliopenda zizikwe kwa kuuheshimu mwili wa binadamu, na hilo ni jema. Ama mtu kuacha kujisafisha katika nyumba ya kupanga kwa sababu hana mahali pa kuchimba, akiamini kwamba unywele wake waweza kumuua, huko ni kumwogopa asiyeogopwa.

Na juu ya maiti: waosha maiti wengine huwanyoa maiti kinena na kwapa. Katika madhehebu yetu jambo hili lina khitilafu, na Nawawi katika Minhaji amelitilia nguvu kuwa ni makuruhu. Aachwe kama alivyo. Wakati wake wa kunyoa ulikuwa uhai wake.

Mmoja aliuliza kama kunyoa huzidisha nywele kuwa nene. Hakuzidishi, ncha iliyokatwa huwa butu, na mkono huiona nene.

Ama waliouliza ni nani apasaye kumfundisha mtoto, jawabu ni baba yake, kabla ya kubaleghe au pindi zinapodhihiri alama zake, kwa maneno machache yaliyo wazi, wakiwa wawili peke yao. Amnunulie wembe wake au mashine yake. Amwambie uchi wake ni amana, asinyolewe mahali hapo na mtu mwengine asiye mkewe ila kwa dharura ya matibabu. Baba asipokuwapo ni ami, au mjomba, au mwalimu wake wa chuo mwenye kuaminika. Katika darsa yetu wazazi kadhaa waliahidi usiku ule ule. Siku chache baadaye mmoja wao alitwambia kwamba alimwita mwanawe akaketi naye, akashindwa kuanza, akamuuliza khabari za mtihani. Alirudi tena kesho yake ndipo akaweza. Hatukumcheka. Sisi tulishindwa tukiwa kumi na tano.

Karatasi ya pili ilipatikana sandukuni baada ya juma mbili, mwandiko ni ule ule. Hatumjui aliyeiandika, wala hatutaki kumjua. Huenda yuko safu ya nyuma, huenda ni mtoto wa mmoja wetu. Ameandika kwamba alisikia jawabu akiwa nje ya dirisha, na kwamba amerudi kusali tangu Alfajiri ya siku ya pili yake. Auliza: zile sala za miezi mitatu zilizompita atafanyaje, na atazihesabu vipi kwa kuwa ni nyingi mno?

Jawabu: zilipe, ewe ndugu yetu, wala usichelewe. Miezi mitatu ni kiasi cha siku 90, na siku 90 ni sala za faradhi 450. Usitishwe na hisabu. Kila ukisali faradhi ya wakati, sali pamoja nayo faradhi moja ya kulipa iliyo mfano wake, Adhuhuri kwa Adhuhuri na Alasiri kwa Alasiri. Kwa mwendo huo utakuwa umemaliza kwa siku 90. Ukipata nafasi ya kuzidisha siku za mapumziko ya skuli, ndiyo bora, kwa kuwa deni hili halikuja kwa usingizi wala kwa kusahau. Ukishuku idadi, lipa mpaka uwe na yakini. Kupanga kwa taratibu ni bora, si lazima. Anza usiku huu kwa Isha.